Mia Tisa Si Kubwa Kuliko Elfu Kumi na Mbili

Kuna neno moja la TypeScript ambalo ningepewa uwezo ningelipiga marufuku kuanzia Likoni mpaka Lungalunga: any. Herufi tatu tu. Maana yake, "hiki ni chochote, usiniulize." Na kompaila, ambayo kazi yake ni kuuliza, inanyamaza.

Wanaolipenda wanasema linaokoa muda. Muda wa nani?

Chukua orodha ya vyumba vya wageni huku pwani ya kusini. Ndani ya programu kila chumba ni kamusi. Si ile ya kitabu; hii ni jozi za jina na thamani: mahali, Msambweni; vitanda, 2; bei, 1000. Mgeni akibonyeza "bei nafuu kwanza", kamusi zote zinapangwa kwa thamani ya bei. Rahisi, sivyo? Ila bei hizo ziliingia kama maandishi, kwa sababu mtu alizichapa kwenye fomu au alizinakili kutoka WhatsApp. Na maandishi hupangwa kama maneno ya kamusi ya kitabu: alama ya kwanza kwa ya kwanza, kisha ya pili. Kompyuta haioni elfu moja. Inaona 1, halafu 0.

Tuseme vyumba ni vitatu: Msambweni 1000, Ukunda 3500, na jumba la Diani 12000. Vikipangwa kama maandishi, mfuatano ni 1000, 12000, 3500. Tayari jumba limekiruka chumba cha Ukunda. Sasa ngoja. Ni Mei, mvua ya masika, wageni wachache. Mama wa Msambweni anateremsha bei hadi 900. Hapo hapo anatoka wa kwanza anakuwa wa mwisho, kwa kuwa 9 huja baada ya 1 na 3. Amepunguza bei, ameadhibiwa. Na hatajua. Atasema mwaka huu biashara imelala, kisha ateremshe hadi 800, abaki pale pale mkiani.

Mimi huandika maelezo ya vyumba kama hivyo kwa malipo. Naweza kukaa asubuhi nzima nikitafuta neno la rangi ya bahari. Lina faida gani kama chumba kimezikwa mahali ambapo hakuna kidole kitakachofika?

Dawa yake si siri. Tangu TypeScript itoke mwaka 2012, jambo lake kubwa ni hili: sema kitu ni cha aina gani. Sema bei ni namba, kisha linganisha kwa kutoa moja kwa nyingine. Ukisema bei ni maandishi halafu ujaribu kutoa, kompaila inakugomea kabla mgeni yeyote hajaona kitu. Ukisema any, inakupisha tu.

Lakini usidanganyike: aina hizo hufutika programu ikianza kukimbia, kwa hivyo bei zikaguliwe mlangoni. "900" igeuzwe namba. "3,500" itolewe mkato kwanza, la sivyo haigeuki. Na aliyeandika "piga simu"? Huyo amua wewe mahali pake, uamue waziwazi, usiiachie bahati.

Najua jibu: "Bana, ni kakazi kadogo, mteja ana haraka, si tutarekebisha baadaye." Kwani baadaye ni lini? Programu iliyokufa hurekebishwa, maana watu hupiga kelele. Hii haifi. Inafungua, inapanga, inapendeza, na inadanganya kwa adabu. Anayeumia ni yule asiye na namba yako ya simu.

Kupanga watu kwa thamani si jambo dogo, hata kama ni mstari mmoja wa msimbo. Anayeupanga mstari huo ndiye anayeamua nani aonekane. Basi kama hujui thamani ni nini, namba au maandishi, usipange mtu. Waache kwa mfuatano waliokuja nao. Angalau foleni ina haki yake.