Mkurugenzi mpya, maradhi mapya

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wafanyakazi wengi wanavyomngoja mkurugenzi mpya. Huenda mishahara ikatazamwa upya, huenda yule msimamizi katili akahamishwa. Lakini sisi madaktari wa zahanati za mjini tunajua kwamba wakati mwingine mgeni huja na mwenyeji akaugua.

Miezi michache baada ya mkubwa mpya kushika usukani, wafanyakazi wake huanza kuja kwetu mmoja mmoja. Huyu hapati usingizi. Yule analalamikia kichwa na kiungulia. Mwingine shinikizo lake la damu, lililokuwa limetulia kwa miaka, limepanda tena ingawa anameza dawa kama kawaida. Hakuna anayesema ameletwa na mkurugenzi. Ukimuuliza habari za kazini ndipo anapoeleza: mikutano ya kuaibishana mbele ya wenzake, uhamisho wa ghafla, marafiki walioacha kuzungumza kwa kuogopana.

Msomaji, usidhani hawa ni watu dhaifu. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio na sukari ikaongezeka katika damu. Hiyo ni kinga nzuri ukikutana na mbwa mkali, kwani hofu hiyo huisha upesi. Hofu inayokungoja ofisini kila asubuhi saa mbili haiishi. Nchini Uingereza, Profesa Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa serikali zaidi ya 10,000 kuanzia mwaka 1985. Waliona kwamba wale wasio na usemi juu ya kazi yao walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenye usemi.

Mfano mchungu zaidi unatoka Ufaransa. Mwaka 2005 Didier Lombard alipewa uongozi wa kampuni ya simu ya France Télécom, ile ile iliyonunua asilimia 51 ya Telkom Kenya mwaka 2007 na kukaa nayo hadi 2016. Kule kwao, Lombard alitaka wafanyakazi 22,000 kati ya takriban 120,000 waondoke katika muda wa miaka mitatu. Wengi walikuwa na ajira ya serikali, hivyo hawangeweza kupigwa kalamu. Mwaka 2006 aliwaambia wasimamizi wake kwamba watu hao wataondoka, ama kwa dirisha ama kwa mlango.

Basi kazi ikawa ni kuwachosha. Wengine walihamishwa hapa na pale, wengine wakapewa kazi zisizolingana na ujuzi wao. Mahakama ilichunguza visa 39: watu 19 waliojiua, 12 waliojaribu kujiua na 8 walioingiwa na huzuni kubwa au kushindwa kuendelea na kazi. Mwaka 2019 Lombard na baadhi ya wenzake walipatikana na hatia ya unyanyasaji, na kampuni ikatozwa faini ya Euro 75,000. Rufaa ya mwisho ilitupwa Januari 2025.

Kuna watakaosema kwamba kampuni nyingine zimelala na zinahitaji mtu mkali wa kuziamsha. Nakubali. Mkubwa anayedai kazi imalizike kwa wakati hamuui mtu. Anayeua ni yule anayebadilisha masharti kila wiki, anayewadhalilisha watu hadharani, na anayewafanya wachunguzane.

Na ikiwa kampuni haina pesa, iseme. Sheria ya Ajira ya 2007 imeonyesha njia: notisi isiyopungua mwezi mmoja, afisa wa leba kujulishwa, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka ambao mtu ametumika. Kumwaga unga ni uchungu, lakini mtu huyo huondoka akijua kilichompata. Anayemsumbua mfanyakazi ili ajiuzulu mwenyewe anakwepa malipo hayo, na gharama inabaki kwa mgonjwa na jamii yake.

Kwa maoni yangu, bodi inayomwajiri mkurugenzi isisome hesabu za faida peke yake. Baada ya miezi sita iulize: siku za likizo ya ugonjwa zimeongezeka? Ni wangapi wamejiuzulu, na kutoka idara gani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kamati hizo huzungumzia vizima-moto na kofia ngumu. Zianze kuzungumzia hofu pia.

Nawe mfanyakazi, usijitibu kwa pombe wala tembe za usingizi za kuazima. Pima shinikizo la damu, andika tarehe na matukio ya kazini, na umweleze daktari ukweli wote. Chama chako cha wafanyakazi nacho kijulishwe mapema. Ukifika kiwango cha kutamani kufa, usikae peke yako hata saa moja: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari anaweza kukuandikia mapumziko ya wiki mbili, lakini ukirudi kwenye hofu ile ile utaugua tena. Dawa hiyo iko mikononi mwa bodi, nayo isingoje mazishi ndipo iitoe.