Vifaa vidogo vya elektroniki: hasara inakaa njiani

Mwaka 2013 kampuni changa ya Nairobi, BRCK, iliyotokana na watu wa Ushahidi, ilikusanya zaidi ya Dola za Kimarekani 170,000 kupitia Kickstarter. Waliochangia walitaka kitu ambacho hakikuwepo sokoni: ruta ngumu yenye betri ya saa nane, inayohama yenyewe kwenda laini ya simu umeme unapokatika. Mwaka 2014 kifaa kilianza kuuzwa kwa dola 200 hivi.

Kilibuniwa Nairobi, lakini kikaundwa Marekani kwa vipuri vya Asia. Mfanyabiashara anayepitisha mizigo mpakani hahitaji kuelezwa sana sababu. Kompyuta iliyokamilika huingia Afrika Mashariki kwa ushuru wa asilimia 0. Anayetaka kuunda kifaa hapa huleta betri, waya, kasha la plastiki na skrubu, kila kimoja na namba yake ya forodha, na baadhi huangukia asilimia 10 au 25. Kwa hiyo wa kuunda hulipa zaidi ya wa kuagiza.

Tatizo kubwa zaidi ni wingi. Gharama nyingi hazijali umeleta vipande vingapi. Kifaa chenye laini ya simu hukaguliwa na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi: CA Kenya, TCRA Tanzania, UCC Uganda, RURA Rwanda. Tuchukulie vipimo na vibali vimekula dola 2,000. Mwenye vifaa 20,000 anaongeza senti 10 kwa kila kimoja. Mwenye 200 anaongeza dola 10, na hapo ni nchi moja tu. Soko la pamoja lipo kwenye ushuru, kwenye vibali bado kila mtu na kwake.

Kisha kuna muda. Viwanda vya China mara nyingi hutaka asilimia 30 kabla ya kuanza kazi na 70 iliyobaki kabla mzigo haujapakiwa. Mzigo mdogo haujazi kontena, hivyo huingia kwenye kontena la kuchangia, na karatasi za mmoja zikiwa na kasoro wote wanasubiri Mombasa au Dar es Salaam. Ndege nayo si jibu rahisi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zisizidi asilimia 30 ya chaji. Mzigo ukitoka bandarini, VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania imeshalipwa, na hakuna kipande hata kimoja kilichouzwa.

Fedha za wateja waliolipa mapema hazimalizi ugonjwa huu. Pebble ya Marekani, watengenezaji wa saa za kuunganishwa na simu, walikusanya zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012 na milioni 20 mwaka 2015. Desemba 2016 mali zao zilichukuliwa na Fitbit. Fedha za namna hiyo ni deni la bidhaa, si faida, ingawa wengi huzihesabu kama faida.

Wakubwa wana njia yao. Kiwanda cha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kina kampuni za mawasiliano nyuma yake, zenye maduka na wateja tayari. BRCK yenyewe haikubaki na ruta peke yake: mwaka 2015 ilileta Kio Kit, sanduku la tableti 40 za shule, baadaye ikaingia kwenye intaneti ya ndani ya matatu. Ilifuata mteja anayenunua kwa jumla.

Na kuna jambo linalosahaulika bei inapopangwa: marejesho. Kifaa kilichouzwa Kigali kikiharibika hurudi Nairobi kutengenezwa, kisha kinavuka mpaka tena. Dereva akikibeba bila karatasi za kuonyesha kwamba kilitoka kwa muda na namba yake ni ile ile, afisa wa forodha anaona bidhaa mpya na kuikadiria hivyo. Mwenye kampuni atalipa, au atamwachia mteja kifaa kibovu, na mteja huyo ndiye aliyekuwa anawaonyesha wenzake.