Mwalimu wa hisabati mtandaoni hana ubao ila lugha

Tangu Machi 15, 2020, siku serikali ilipotangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya janga la Korona, mengi yameandikwa kuhusu masomo ya moja kwa moja kupitia mtandao. Aghalabu yaliyoandikwa ni ya vifaa: nani ana tarakilishi na nani hana, umeme umefika wapi, data inagharimu shilingi ngapi. Ni mjadala wa haki, maana watoto wengi wa nchi hii hawakuona hata kipindi kimoja cha aina hiyo hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021. Hata hivyo, lipo swali ambalo kwa maoni yangu lingestahili kuyatangulia hayo yote. Mwalimu akishampata mtoto kwenye kioo cha simu, atamfundisha kwa lugha gani?

Nauliza hasa juu ya hisabati ya gredi ya 4, 5 na 6. Masomo ya mtandaoni hayakwisha pamoja na janga. Wapo wazazi katika miji yetu wanaowalipia watoto wao vipindi vya jioni kwa Zoom au Google Meet, na wapo walimu wanaopata sehemu ya riziki yao humo. Sasa, katika madarasa haya ndimo sehemu na desimali zinapoanza kumkaba mtoto koo. Na ni katika gredi ya 4, kwa mujibu wa sera yetu ya elimu, ambapo lugha ya mazingira ya mtoto huondolewa kuwa lugha ya kufundishia na Kiingereza kikashika mahali pake. Milima miwili, na miguu ni ile ile.

Katika darasa la kawaida mlima huo hupunguzwa makali kwa njia nyingi ambazo hatuzitambui kwa kuwa tumezizoea. Mwalimu huchora, hukunja karatasi, hunyosha kidole, hupita kati ya madawati akichungulia madaftari. Isitoshe, kuna kile kiitikio chetu mashuhuri: mwalimu huiacha sentensi ikining'inia, hupandisha sauti, na darasa zima humalizia kwa pamoja. Sisi wanaisimu tumekilaumu sana kiitikio hicho, kwamba humficha asiyejua nyuma ya sauti za wanaojua. Lawama hiyo ni ya kweli. Lakini kiitikio pia humbeba asiyejua. Humpa neno mdomoni kabla hajalipata akilini, na mara nyingine akili huja ikalifuata.

Mtandaoni kiitikio hufa. Watoto 14 wakijibu kwa pamoja, sauti hugongana na kukatika, basi mwalimu huwaamuru wazime vipaza sauti vyao. Baada ya hapo huuliza, "Mmeelewa?" na kujibiwa na kimya. Kimya cha darasani mwalimu mzoefu hukisoma: kuna cha kufikiri, kuna cha kuchoka na kuna cha kutojua kabisa. Kimya cha mtandaoni vyote hufanana, na kwa kuwa saa inakwenda, mwalimu hukihesabu kuwa ni ndiyo.

Muhula uliopita, mwalimu mmoja niliyewahi kumfundisha chuoni alinikaribisha nihudhurie vipindi vyake vinne vya gredi ya 5. Ni mwalimu hodari, asiye na uvivu. Katika kipindi cha kwanza alitaja namba kwa Kiingereza, watoto waziandike daftarini na kuziinua mbele ya kamera. Alisema "thirteen". Baadhi ya madaftari yaliinuka yakiwa na 13, mengine yakiwa na 30.

Mtu angesema kwa haraka kwamba watoto hao ni wazembe. La hasha! Mzawa wa Kiingereza huyatenganisha maneno "thirteen" na "thirty" kwa mkazo: katika "thirty" mkazo huiangukia silabi ya kwanza, na katika "thirteen" aghalabu huiangukia ya pili. Wakenya wengi tunapozungumza Kiingereza huzipa silabi zote uzito unaokaribiana, kwa hivyo tofauti yote huachiwa ile "n" ya mwisho, sauti hafifu inayomezwa kwa urahisi na simu ya bei nafuu na mtandao unaokatikakatika. Darasani mtoto angeutazama mdomo wa mwalimu, au angechungulia kwa jirani. Nyumbani anacho kisikilizio kimoja alichogawana na ndugu yake.

Kwenye desimali mambo huwa mabaya zaidi. "Tens" ni makumi, na "tenths" ni sehemu za kumi. Kumi ni kubwa kuliko sehemu moja ya kumi mara 100. "Hundreds" na "hundredths" ndiyo balaa kabisa, kwani mia moja ni kubwa kuliko sehemu moja ya mia mara 10,000. Tofauti kubwa namna hiyo imetundikwa juu ya sauti moja, "th", tena ikiwa imebanwa katikati ya konsonanti nyingine mwishoni mwa neno. Nguvu za sauti kama hiyo ziko katika masafa ya juu, na ndizo hupotea kwanza mawasiliano yanapokuwa duni. Mtoto asiyeisikia hana njia ya kujua kwamba hakuisikia. Ataandika kwa bidii hesabu ya namba nyingine kabisa.

Kiswahili hakina mzigo huo. Karibu kila silabi yake humalizika kwa irabu, na irabu ndizo husikika hata mawasiliano yakiwa mabovu. "Kumi na tatu" haiwezi kusikika kama "thelathini". "Makumi" hayawezi kusikika kama "sehemu za kumi". Sisemi hivi kwa ushabiki wa lugha. Lugha yetu nayo ina mitego yake: "thelathini" na "themanini" zinakaribiana mno kwa sikio la mbali, na mtu akisema "elfu mia mbili na tatu" hujui kama anamaanisha 203,000 au 200,003. Hapo ndipo neno "laki", ambalo wengi wanadhani ni la wazee na wauza mashamba, linapofaa. Laki mbili na elfu tatu ni namba moja tu.

Lakini faida kubwa ya Kiswahili niliiona katika kipindi cha tatu, somo likiwa sehemu. Mwalimu aliandika 1/4 + 2/4, akaisoma kama tunavyozoea kuisoma madarasani, moja juu ya nne kujumlisha mbili juu ya nne, ila kwa Kiingereza. Msichana mmoja akainua daftari: 3/8. Amejumlisha vya juu, akajumlisha vya chini. Kosa hili ni kongwe, na kila mwalimu wa hisabati analijua. Mwalimu alirudia maelezo mara mbili kwa Kiingereza kile kile. Kisha akavuta pumzi na kuuliza kwa Kiswahili: "Mama akikutuma dukani robo kilo ya sukari, kisha akutume tena robo mbili, utakuwa umeleta robo ngapi?" Msichana hakusita. "Robo tatu, mwalimu."

Tazama muundo wa jibu hilo. Katika Kiswahili nomino hutangulia na idadi hufuata: vikombe vitatu, ng'ombe watatu, robo tatu. Robo ni kitu, nacho kinahesabika. Robo moja na robo mbili ni robo tatu, kama chungwa moja na machungwa mawili yalivyo machungwa matatu. Hakuna mtoto wa Kiswahili atakayesema kwamba zimegeuka kuwa thumni. Lugha yenyewe imeshikilia kile cha chini kisiguswe, na kumwachia mtoto kazi ya kuhesabu cha juu. Tena hatuna robo peke yake. Tuna nusu, thuluthi, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui na ushuri, maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu na ambayo yamo katika kamusi zetu yakila vumbi. Watu wa makamo watakumbuka sumni, ile sarafu ya senti hamsini. Ni neno hilo hilo la thumni.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba mtihani wa hisabati wa KPSEA, ambao hufanywa mwishoni mwa gredi ya 6, huandikwa kwa Kiingereza. Kwamba mzazi analipa ili mwanawe azungumze Kiingereza. Kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hili la mwisho halina msingi. Tanzania imefundisha hisabati ya shule za msingi za umma kwa Kiswahili tangu 1967, na vitabu vyao vina kiasi na asili, namba tasa, mzingo, kigawe kidogo cha shirika na mengine mengi. Hata hivyo, sitaki tuwaige kwa ukamilifu, kwani mtoto wao wa shule hizo hukutana na Kiingereza ghafla aingiapo kidato cha kwanza, na ghafla hiyo ina maumivu yake. Ninachotaka ni lugha mbili zikae bega kwa bega: mwalimu aseme robo tatu, aseme "three quarters", na aiandike 3/4 kwenye kioo kabla hajaendelea. Kufanya hivyo hakuvunji sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Wapo watoto, hasa katika mitaa ya wenye nacho jijini Nairobi, ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya nyumbani na Kiswahili ndicho kigeni. Hao waelezwe kwa Kiingereza. Mwalimu ana masikio. Awasikilize watoto wake.

Jambo jingine ambalo watetezi na wapinzani wa masomo ya mtandaoni hulisahau ni kwamba mtoto huyu yuko nyumbani. Jiko liko hatua chache. Paketi ya unga ya kilo 2, maziwa ya nusu lita, chapati ya kukatwa vipande, vifuniko vya soda vya kuhesabia, gorogoro la mahindi. Shule nyingi hazina vifaa vya kufundishia kama hivyo. Mwalimu awatume watoto wavilete. Na vitu hivyo vina majina ya nyumbani, kwa hivyo mazungumzo yatafuata majina yake. Hapo mama au nyanya anayepita na sufuria atasikia, na pengine atatia neno. Katika vipindi vile nilimsikia mzazi mmoja kwa mbali mara moja tu, nayo ilikuwa wakati wa ile robo ya sukari. Kiingereza kiliporudi, naye alinyamaza. Mzazi huyo ndiye atakayeulizwa hesabu ya nyumbani saa mbili usiku, mwalimu akiwa amekwisha kuzima mashine yake.

Kwa wenzangu wa vyuo vya ualimu nina pendekezo dogo lisilohitaji bajeti. Mwanafunzi wa ualimu azime kamera, asiandike lolote, aeleze kwa sauti tu jinsi ya kugawanya 735 kwa 5, kwanza kwa Kiingereza na halafu kwa Kiswahili. Wenzake wakae chumba cha pili na simu zao, waandike kila wanachosikia. Kisha madaftari yakusanywe na tuone yameandikwa nini.