Jina la fundi liandikwe

Mwaka 1997 nilichonga mlango wa mfenesi kwa miezi minne, mfaa wake umejaa yungiyungi, miimo ina mnyororo juu hadi chini. Leo mlango huo uko kwenye hoteli moja hapa Unguja. Mwaka jana nilipita hapo na mjukuu wangu tukakuta umetiwa kibao cha shaba: mlango wa kale wa Zanzibar. Mjukuu akaniuliza, "Babu, si ulisema huu wako?" Neno "kale" lilinisumbua kidogo tu. Kilichoniuma ni kwamba kibao kile kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa jina la mtu, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu.

Ndipo nikakumbuka Ubud, kisiwani Bali, Indonesia. Mwaka 2018 mwanangu, ambaye ni baharia, alinipeleka huko kwa siku sita, na siku mbili nzima nilizimalizia Puri Lukisan, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1956. Liko bustanini, na bwawa lake lina yungiyungi. Miti pia nilikuta tunashirikiana, kwani mfenesi tunaochongea milango ndio wanaochongea sanamu za mahekalu yao.

Mbele ya sanamu za Ida Bagus Nyana, fundi wa kijiji cha Mas, nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Viungo virefu, mgongo umeteremka bila hata kovu la patasi, na mistari ya mti imeachwa ipite pale pale ambapo misuli ingepita. Zamani sanamu za Bali zilipakwa rangi, na rangi husitiri mengi. Mafundi wa miaka ya 1930 waliuacha mti wazi na kuusugua tu mpaka ung'ae. Aliyewahi kushika patasi anajua ujasiri wa jambo hilo, maana mkono ukiteleza mara moja huna pa kujificha. Husimuliwa huko kwamba mchoraji Walter Spies alimpa fundi gogo refu amtolee sanamu mbili, fundi akarudi na moja, nyembamba, urefu wa gogo zima. Mimi naamini fundi yule alilitazama gogo akaona haya kulikata.

Kila kazi mle ndani ina jina. Hilo halikuja lenyewe. Mwaka 1936 wachoraji na wachongaji walianzisha umoja wao, Pita Maha, pamoja na Tjokorda Gde Agung Sukawati wa ukoo wa kifalme wa Ubud, mzee I Gusti Nyoman Lempad, Spies na Mholanzi Rudolf Bonnet. Wanachama walizidi 100. Kazi ilikaguliwa kabla ya kuuzwa, hafifu ikarudishwa, nzuri ikapelekwa kwenye maonyesho ikiwa na jina la aliyeifanya. Vita vilipofika Bali mwaka 1942 umoja ulikwisha, lakini Sukawati na Bonnet ndio baadaye walioisimamisha Puri Lukisan.

Najua nitakachojibiwa: kazi ya jadi ni ya jamii, jina la mtu mmoja ni tamaa. Basi tutazame Kamasan, kijiji cha Klungkung huko huko Bali, kinachochora hadithi za mashujaa na miungu juu ya kitambaa. Kitambaa huchovywa kwenye uji wa mchele, huanikwa juani, kisha husuguliwa kwa kauri, kauri hii hii ya pwani yetu, mpaka kiwe laini. Nyeupe yao hutoka kwenye mifupa ya nguruwe iliyochomwa, nyeusi kwenye masizi. Bingwa huchora mistari. Kutia rangi kwa desturi ni kazi ya wanawake na vijana wa nyumba. Picha za zamani za huko hazina saini. Nami nasema hapo ndipo pa kuandika zaidi: kijiji, nyumba ya bingwa, na wanawake waliotia rangi. Mlango wangu nao haukuwa wa mkono mmoja. Ami yangu alipima, vijana wawili walipiga msasa. Watatu hao walionisaidia na mimi, sote tungeenea kwenye kile kibao.

Julai 2023 Uholanzi ilitangaza kurejesha vitu 478 vya Indonesia na Sri Lanka. Humo mlikuwa na hazina iliyoporwa Lombok katika vita vya 1894, na mlikuwa na kazi 132 za mafundi wa Bali, zinazoitwa kwa jina la umoja wao: mkusanyiko wa Pita Maha. Niliposoma habari ile nilimpigia simu mwanangu usiku ule ule. Vitu vyetu vilivyoko ng'ambo tutaviombaje, ikiwa hata vilivyoko hapa mjini hatujui ni vya nani?

Kwa hiyo naomba wenye makumbusho, maduka na hoteli waandike jina la fundi na mahali pake, na anapokuwa hai wamuulize yeye mwenyewe. Vijana wa karakana yangu sasa wanachonga majina yao yote kabla mlango haujatoka. Ile hoteli nimeiandikia barua. Naomba nusu saa tu na patasi ndogo, upande wa ndani wa mwimo wa kushoto, inchi tatu kutoka kizingitini, ambapo mwaka 1997 niliacha ubao mtupu.