Aliyekataa Kupigana Goma Hakuwa Mwoga

Yamekuwako maneno, sokoni na hata katika nyua za makanisa yetu hapa Kibugu, kwamba jeshi la Kenya lilikwenda Kongo likaogopa kupigana, na kwamba ndiyo sababu Goma ikaanguka. Tunayapinga maneno hayo waziwazi. Kukataa kupigana hakukuwa kosa. Kosa lilitendwa mapema zaidi, nalo lilitendwa Nairobi.

Tukumbushane. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, ikiwa tayari inateswa na waasi wa M23 waliofufuka mwishoni mwa 2021. Wakuu wa Jumuiya wakaamua kupeleka kikosi cha pamoja. Novemba 2, 2022 Rais Ruto aliwakabidhi askari wetu bendera ya taifa. Novemba 9 Bunge likaidhinisha kupelekwa kwa askari zaidi ya 900. Novemba 12 wa kwanza wakatua Goma. Novemba 23 viongozi wa eneo hili, waliokutana Luanda, wakatangaza kwamba M23 wasipoondoka walikokuwa, kikosi hicho kitawalazimisha.

Hakikuwalazimisha. Kenya ilichagua mazungumzo, ambayo msuluhishi wake alikuwa Rais mstaafu Uhuru Kenyatta, na askari wetu wakasimama katikati, wakipokea sehemu ambazo M23 walisema wameziacha, kama vile Kibumba na Rumangabo. Kinshasa ikaghadhibika. Watu wa Goma wakaandamana. Aprili 2023 kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah, akajiuzulu akitaja vitisho dhidi ya usalama wake. Desemba 2023, Kongo ikiwa imekataa kuongeza muda wa kikosi, vijana wetu wakarejea nyumbani.

Je, bunduki zetu zingeiokoa Goma? Waulizwe waliotufuata. Kikosi cha SADC, chenye askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, kiliingia mwezi uo huo kwa nia ya kupigana bega kwa bega na jeshi la Kongo. Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na askari 14 wa Afrika Kusini wakauawa katika mapigano hayo. Februari 8, 2025 wakuu wa Jumuiya na wa SADC wakakutana Dar es Salaam, wakataka vita visimame na mazungumzo yafanyike, M23 wakiwamo. Walirudi kwenye meza ile ile waliyoidharau, ila sasa walikuwa wamekwisha kuchimba makaburi.

Tena, tungempiga nani? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mara kwa mara kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia M23, ingawa Kigali ilikanusha. Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya kama sisi. Ugomvi wa ndugu wawili hauamuliwi na ndugu wa tatu aliyeshika panga.

Hata hivyo Wakongo hawakuzua malalamiko yao. Waliahidiwa nguvu, wakaletewa subira. Serikali iliyojua kwamba haitapigana ilipaswa kusema hivyo mlangoni, kabla mwenzake hajaiwekea tumaini. Mwanamke wa Rutshuru aliyeikimbia shamba lake hakustahili kudanganywa na wageni waliokuja kwa jina la kumlinda.

Na ahadi kama hizo hupimwa wapi? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 240, yataka Bunge liidhinishe kabla majeshi hayajapelekwa nje ya nchi. Uidhinishaji ulipatikana, lakini bendera ilikuwa imekwisha kukabidhiwa juma zima nyuma. Bunge linaloletewa jambo lililokwisha kutangazwa hugeuka mhuri wa mpira. Wabunge wangeuliza kwa makini: wanakwenda kupigana au kulinda? Dhidi ya nani? Kwa muda gani? Jibu la kweli lingetolewa Nairobi mwaka 2022, wala lisingengoja hasira za Goma mwaka 2023.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 ili pasiwepo tena mtu mmoja wa kufikiri kwa niaba ya wote. Vyama vingi vina maana gani ikiwa chama tawala na upinzani hunyamaza pamoja pale uhai wa askari unapoamuliwa? Vijana wa miteremko hii ya chai na kahawa hujipanga foleni kila jeshi linapoandikisha. Ni wana wetu.

Kwa hiyo twawasihi wanaharakati na waumini: mwulizeni mbunge wenu, hadharani, atakavyopiga kura siku serikali itakapotaka tena kupeleka askari nje. Adai masharti yasomwe Bungeni kabla ya bendera kukabidhiwa. Na ikiwa nia yetu ni upatanishi, yule jirani anayetungoja aambiwe hivyo siku hiyo hiyo.