Dini Si Hatamu

Msomaji, kuna neno moja ambalo wenye mamlaka hulipenda na wanyonge hulikubali upesi mno. Neno hilo ni kwamba mtawala mwerevu aweza kuwadanganya watu kwa jina la mbingu, na maadam nia yake ni njema, uongo wake hauna dhambi. Nimelisikia vinywani mwa watu wazima wenye elimu. Nimelisikia pia kwa vijana waliotoka kusoma hadithi za madola ya nyota, au kuzitazama katika sinema, wakimsifu shujaa kwa kuwa alijua kuitumia imani ya watu kama mpanda farasi atumiavyo hatamu. Nakusudia kulipinga neno hilo, nami nitalipinga kwa ushahidi wa hadithi hizo hizo zinazolisifiwa.

Huenda ukauliza kwa nini niende kutafuta ushahidi katika nchi zisizokuwako. Jibu langu ni jepesi. Katika darasa moja la nchi yetu Mwislamu hukaa ubavuni mwa Mkristo, na madhehebu ya Kikristo peke yake ni mengi. Tukianza kuzijadili dini zetu wenyewe, kila mmoja hushika upanga kabla ya kushika hoja. Lakini tukiijadili dini ya sayari ya mbali, hakuna aonaye kwamba nyumba yake imetupiwa jiwe. Hapo akili hutulia, na akili iliyotulia huona.

Mashahidi wangu ni wawili. Isaac Asimov na Frank Herbert walizaliwa mwaka mmoja, 1920. Wa kwanza alizaliwa Urusi akapelekwa Marekani angali mtoto, wa pili ni mzaliwa wa Marekani. Asimov alianza kutoa hadithi zake za dola ya nyota gazetini mwaka 1942, zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Foundation mwaka 1951. Herbert alitoa Dune mwaka 1965, akaifuatisha na Dune Messiah mwaka 1969 na Children of Dune mwaka 1976. Filamu zilizotolewa mwaka 2021 na 2024 zimewafanya watu wengi walijue jina la Dune ambao hawajapata kufungua kitabu chenyewe.

Na tumsikilize kwanza Asimov, kwa kuwa ndiye awapaye nguvu wapinzani wangu. Katika kitabu chake, bingwa wa hesabu aitwaye Hari Seldon apiga hesabu na kuona kwamba dola kubwa itawalayo nyota itaanguka, na giza la miaka 30,000 litafuata. Ili kulipunguza giza hilo liwe la miaka 1,000, wataalamu wapelekwa kukaa katika sayari ya Terminus, pembeni kabisa mwa dola. Sayari hiyo ni maskini wa madini na haina jeshi. Majirani zake ni falme nne zilizokwisha kujitenga na dola, zenye silaha nyingi lakini zimesahau elimu ya nguvu za atomiki. Meya wa Terminus, Salvor Hardin, awapa majirani hao mitambo ya nguvu hizo, lakini aifunika kwa vazi la dini. Mafundi wafanywa makasisi. Kuwasha mtambo kwafanywa ibada. Wafalme wakubali kwa furaha, kwa sababu dini hiyo yawapa na wao utukufu mbele ya raia zao.

Kisha Wienis, mtawala wa Anacreon kwa niaba ya mpwa wake Lepold, apeleka manowari za angani kuishambulia Terminus. Hardin hainui silaha. Usiku wa manane taa za Anacreon zazimika, makasisi wagoma, na umati wenye hofu wazingira jumba la mfalme. Katika manowari kuu kasisi ailaani safari, mitambo yafa, na mabaharia wamwasi jemadari wao. Vita vyaisha kabla ya kuanza. Wakati wa yote hayo Hardin amsimulia Wienis kisa cha farasi aliyemwogopa mbwa-mwitu. Farasi huyo alimwomba binadamu msaada, akakubali kutandikwa na kutiwa hatamu; mbwa-mwitu akauawa, na farasi alipotaka kufunguliwa, binadamu alikataa kushuka.

Hapo wapinzani wangu hupiga makofi. Husema: tazama, damu haikumwagika, mchokozi ameshindwa, elimu imesalimika. Kosa liko wapi?

Makosa ni mawili, msomaji. La kwanza lanihusu mimi kama mwalimu. Makasisi wa Hardin walifundishwa kuendesha mitambo, hawakufundishwa kwa nini mitambo yaendeshwa hivyo. Walikariri pasipo kuelewa, na wengi wao waliamini kwa moyo safi uongo waliopewa na watu wasiouamini. Raia walipewa taa, wakanyimwa ujuzi wa taa. Na ujuzi ukiwa mkononi mwa mmoja, kidole chake ndicho kiwashacho na ndicho kizimacho. Taa zilipozimwa usiku ule, aliyekosa alikuwa mtawala mmoja, lakini walioachwa gizani walikuwa watu wa sayari nzima, wazee na watoto, ambao hawakuulizwa habari ya vita. Je, huo ndio wema wa uongo wenye nia njema? Mtu akunyimaye elimu ili uendelee kumhitaji si mlezi wako, ni mwenye farasi.

Kosa la pili ni kwamba hila ya namna hiyo haidumu, maana njia ya mwongo ni fupi. Asimov mwenyewe alikiri jambo hilo katika sehemu ya mwisho ya kitabu kile kile. Mfanyabiashara Hober Mallow afika katika jamhuri ya Korell na kumkuta mtawala asiyetaka kumwona mmisionari yeyote wa Terminus nchini mwake, kwa kuwa amekwisha kuona yaliyowapata majirani. Dini iliyotumiwa kama mtego yatambulika sasa kuwa mtego, na Mallow alazimika kutafuta njia nyingine, ya biashara. Mwenye kusifu ushindi wa Hardin na afunue kurasa chache mbele, ataona deni lake likidaiwa.

Na tumgeukie sasa Herbert. Katika Dune, dola ya nyota yasimama juu ya mafiga matatu: Kaisari Shaddam wa Nne na askari wake wakali, nasaba kuu za watawala, na Chama cha wasafirishaji chenye kumiliki safari zote za angani. Wote watatu wategemea kiungo kimoja kiitwacho melange, chenye kurefusha umri na kuwaonyesha manahodha njia kati ya nyota. Kiungo hicho hupatikana katika sayari moja tu, jangwa la Arrakis.

Chini ya ushindani huo wa mali na vyeo mna ushindani wa imani. Zamani watu wa dola hiyo walipigana vita vikuu vya kuziangamiza mashine zenye kufikiri. Baada ya vita hivyo wajumbe wa dini mbalimbali walikutana wakatunga kitabu kimoja, Biblia ya Kikatoliki ya Machungwa, kwa tumaini la kukomesha madai ya kila dini kwamba ndiyo peke yake yenye ufunuo. Kitabu hicho kilipotoka kilipokewa kwa ghasia. Wafremeni wa jangwani wana imani yao, iliyochanganya mafunzo ya Kibudha na ya Kisunni, waliyoibeba katika uhamisho na utumwa kutoka sayari hata sayari. Msomaji wa Kiswahili hawi mgeni kamili katika mahema yao. Mkuu wa kila maskani yao huitwa Naib, nasi tuna naibu. Mwokozi wamngojaye humwita Mahdi. Shujaa wa kitabu, Paul Atreides, ajipa jina la panya mdogo wa jangwani, Muad'Dib, ambaye wao humsifu kuwa mwalimu wa wavulana. Na katika neno hilo sikio letu lasikia mzizi wa adabu.

Juu ya imani hizi zote kuna udugu wa wanawake waitwao Bene Gesserit. Wao hawahubiri ili watu waokoke. Hupeleka watu wao katika sayari za wanyonge kupanda bishara za uongo, ili siku moja dada yao akipatwa na hatari huko, akute watu wamekwisha kuandaliwa kumwamini. Walipanda mbegu hiyo Arrakis pia. Basi baba yake Paul auawapo kwa njama ya Kaisari na nasaba ya Harkonnen, Paul na mama yake Jessica wakimbilia jangwani, na Jessica, aliye mmoja wa udugu ule, azitambua bishara na kuzitumia. Mtoto wake awa ndiye aliyetabiriwa.

Sitakuwa mkali kwa mama anayemwokoa mwanawe. Mtu azamaye hukamata hata povu. Lakini tofautisha, msomaji, kati ya kujiokoa kwa povu na kujenga jumba juu yake. Paul aona katika ndoto zake kwamba njia hiyo itazaa vita vya dini vitakavyoenea katika nyota zote, naye aipita njia hiyo. Amwona Stilgar, Naib hodari aliyekuwa rafiki yake, akigeuka mbele ya macho yake kuwa mwabudu. Siku ya ushindi wake, asimamapo kupigana na adui wa mwisho, ajua kwamba hata akifa vita vile havitazuilika, kwa kuwa jina lake litakwenda bila ya yeye.

Naijua hoja ya wapinzani mahali hapa, nayo si hoja ya kudharauliwa. Husema Wafremeni walionewa. Waliwindwa kama wanyama na watawala wa Harkonnen. Walikuwa na haki ya kuasi, na bila Mahdi wasingeungana. Nakubali kwamba walikuwa na haki. Sikubali kwamba walihitaji uongo. Kabla Paul hajazaliwa, mtaalamu wa sayari aitwaye Pardot Kynes alikwisha kuwaonyesha kwamba jangwa lao laweza kuota majani. Aliwapigia hesabu ya maji yatakiwayo, akawafundisha kukusanya umande na kupanda nyasi za kuzuia mchanga, akawaambia kwa uaminifu kwamba kazi hiyo itachukua kati ya miaka 300 na 500. Wafremeni hawakumkimbia kwa urefu wa muda huo. Walikubali kufanya kazi ambayo matunda yake yangeliwa na wajukuu wa wajukuu wao. Ni kweli kwamba hata yeye walimwona mtu wa ajabu. Lakini maneno yake yalipimika kwa kibaba cha maji na kwa jani lililoota au lisiloota. Watu wenye subira ya namna hiyo hawakustahili kudanganywa. Walikuwa na tumaini la kweli, wakapewa la bandia kwa kuwa la bandia lilimfaa zaidi aliyetaka kiti cha enzi.

Na bei yake? Herbert aliitaja katika Dune Messiah bila ya huruma. Miaka kumi na miwili baada ya ushindi, Paul mwenyewe ahesabu watu bilioni 61 waliouawa, sayari 90 zilizoachwa tupu bila kiumbe, na wafuasi wa dini 40 waliofutwa. Vita vilivyoanza kwa kudai maji vikaisha kwa kuua imani za wengine. Makasisi wa dini yake wanenepa. Mmoja wao, Korba, aliyekuwa askari wake, aingia katika njama ya kumwangamiza, kwa kuwa nabii aliyekufa hutumika kwa urahisi kuliko nabii aliye hai. Paul apofuka macho, akaenda zake jangwani kama desturi ya Wafremeni iwatakavyo vipofu. Katika Children of Dune mhubiri kipofu atokea jangwani na kuilaani dini ya Muad'Dib mbele ya hekalu lake. Yule mhubiri ndiye Paul. Kasisi wa dini hiyo amchoma kisu.

Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Hardin alisema kweli kwamba farasi akikubali hatamu hafunguliwi tena. Hakusema nusu ya pili, ambayo Herbert aliiandika kwa vitabu vitatu: kwamba mpandaji naye hawezi kushuka. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Msinidhanie kwamba napigana na dini. Anayeamini kwa moyo wake na kumwachia jirani aamini kwa wake, simnyoshei kidole. Napigana na mtu asiyeamini anayewauzia wengine imani, na ninapigana naye kwa ajili ya dini yenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aichafuaye. Nawe, msomaji kijana, utakutana naye bila kwenda Arrakis. Atakuja na neno la mbinguni mkononi na haja ya kiti mfukoni. Mwulize yale ambayo Wafremeni hawakumwuliza Paul: Ahadi yako yapimwa kwa nini? Ujuzi ulio nao utanifundisha, au utanifanya niutegemee mkono wako? Na nikikataa kukufuata, jirani zangu watanifanya nini? Akikasirika kabla ya kujibu, umekwisha kupata jibu.