Barafu Juu ya Goti

Kuteguka goti ni jambo la kawaida kwa mkulima ateremkaye mlimani na mzigo, na kwa karani aangukaye na baiskeli. Wengi wajua ya kuwa baridi hutuliza maumivu ya kiungo, lakini wachache wajua namna ya kuitumia pasipo kuteseka.

Mimi mwenyewe nilikosa. Nilipoteguka goti nilifunga barafu juu ya ngozi tupu, nikajikaza, nikidhani ya kuwa uchungu ndio dawa. Kesho yake pakatoka lengelenge. Goti lilipona kabla ya kidonda kile.

Basi, shikeni haya. Pondeni barafu ndogo ndogo ili ikae vema juu ya kiungo, nanyi muifunge katika kitambaa chembamba chenye unyevu. Mwili uliobaki ufunikeni blanketi, maana mwenye joto huvumilia baridi. Mtaona baridi, kisha kama moto, kisha maumivu kidogo, kisha ganzi. Ganzi ikifika, iondoeni. Dakika 10 hadi 15 zatosha, wala zisipite 20. Itazameni ngozi mara kwa mara, wala msilale usingizi nayo. Pasipo barafu, kitambaa cha maji baridi chafaa.

Mwenye kisukari aliyepotewa na hisia miguuni asijaribu kabla ya kumwuliza daktari. Na asiyeweza kukanyaga kwa mguu ule aende hospitali.

Mtu asione haya kuongeza kitambaa. Dawa si adhabu.